Digrii ya Kufunza Watoto Wadogo: Hasara au Heshima?

Wahenga wetu walituusia kuwa samaki mkunje angali mbichi. Methali hii tumeikariri tangu utotoni, tukaiandikia insha skulini, tukaitia katika hotuba za harusi na za mikutano. Ila jambo moja hatujakaa tukajiuliza: huyo mkunjaji ni nani, na tumempa ujuzi gani na heshima gani hata tukamkabidhi samaki wetu akiwa bado mbichi? Hilo ndilo nitakalo kulizungumza leo na wasomaji wa ukurasa huu, khasa ndugu zangu wa mwambao, kuanzia Vanga hadi Kiunga.

Lililonitia hamu ya kuandika ni maneno niliyoyasikia barazani, mtaa wa Kibokoni, Mombasa, baada ya swala ya alasiri. Binti mmoja wa mtaa ule, aliyemaliza skuli ya upili na kupasi vyema, alipita kumwamkia ami yake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Haya, hizo fomu za chuo kikuu ushazijaza? Wataka kusomea nini?"

"Ualimu, ami."

"Ualimu si mbaya. Wa sekondari?"

"La, ami. Wa skuli za msingi. Kuna digrii yake."

Ami akakiweka chini kikombe chake cha kahawa. "Miaka minne ya chuo kikuu, mwanangu, ukafunze a, e, i, o, u? Mbona hiyo hata mimi nitaifunza, na digrii sina!"

Baraza zima likacheka. Binti akainama, akasema, "Inshallah nitafikiri, ami," akaenda zake. Mimi sikucheka, lakini pia sikusema neno. Kunyamaza kule kumenikaa moyoni, na makala haya ni kama kulipa deni.

Waama, yule ami si mtu mbaya. Ampenda mtoto wa nduguye na amtakia kheri. Alilolisema ndilo tunalolisema wengi wetu, ijapokuwa si kwa sauti. Mtoto akipata alama nzuri twataka awe daktari, mhandisi, wakili au mtu wa benki. Akipata alama za kati twamwambia, "Basi hata ualimu." Na akipata za chini kabisa ndipo twasema, "Akafunze watoto wadogo." Kwa hisabati yetu, kadiri mtoto anavyokuwa mdogo ndivyo mwalimu wake anavyoweza kuwa hajui kitu. Mimi nasema hisabati hiyo ina kombo, na kombo hilo limetugharimu sana sisi watu wa pwani.

Hebu tuchukue mfano wa daktari. Daktari wa watoto hakusoma kidogo kuliko daktari mwengine kwa kuwa mgonjwa wake ni mdogo. Kwanza husomea udaktari kama wenziwe, kisha akaongeza miaka mingine ya kujifunza maradhi ya watoto peke yake. Hakuna mzazi anayeona ajabu. Twajua mtoto mchanga hawezi kusema wapi panauma, basi anayemtibu yapasa awe mjuzi zaidi. Sasa mtoto asiyeweza kusema kwa nini hasomi, yeye tumemtafutia mjuzi gani?

MAALIM WA CHUONI

La kustaajabisha ni kuwa sisi, katika watu wote, tulipasa kuwa wa kwanza kulifahamu jambo hili. Neno la mwanzo aliloteremshiwa Mtume wetu (s.a.w.) lilikuwa ni amri ya kusoma. Na wanazuoni wa sira wanatueleza kuwa baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, mateka wenye mali walijikomboa kwa mali zao, lakini wale waliokuwa hawana kitu na wakijua kusoma na kuandika, fidia yao ilikuwa kila mmoja awafunze watoto kumi wa Madina. Tuizingatie hesabu hiyo. Madina ya wakati ule ilikuwa na dhiki, na dirhamu zingefaa. Juu ya hivyo, herufi za watoto kumi zilionekana kuwa thamani yake ni uhuru wa mtu mzima. Na walikuwa watoto kumi kwa mwalimu mmoja, hawakuwa sitini kama tunavyowarundika leo katika baadhi ya madarasa yetu!

Isitoshe, heshima hiyo tunayo mpaka hivi leo, lakini tumeiweka upande mmoja tu. Muulize mtu mzima yeyote wa Lamu, wa Malindi au wa Mombasa, ni nani aliyemfunza alifu. Atakutajia jina la maalim wake, na jina la babake maalim, na pembe ya chumba alipokuwa akikaa, na atamrehemu kama ameshafariki. Muulize ni nani aliyemfunza hisabati ya kidato cha nne: huenda akakuna kichwa. Basi twajua ndani ya nyoyo zetu kwamba aliyetutia mwanzo ndiye mwenye haki kubwa juu yetu. Yule maalim aliyetuhijizisha herufi moja moja na irabu zake, akatusubiri tulipokosea, akatutoa Juzuu Amma mpaka tukahitimu, hatukumwita mwalimu mdogo kwa kuwa sisi tulikuwa wadogo. Mbona yule wa skuli, anayefanya kazi ile ile kwa herufi nyengine, twamwita "mwalimu wa praimari tu"? Hilo neno "tu" ndilo ninalolilalamikia.

DHARAU ILIKOTOKA

Dharau hii haikuzuka yenyewe. Ina historia, na historia hiyo ina udhuru wake. Skuli za mwanzo za kizungu katika pwani yetu zilikuja na wamishenari. Kituo cha Rabai kilianzishwa mwaka 1846, na Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, katika miaka ya 1870. Katika skuli hizo mwalimu alikuwa pia mhubiri, na kujua kusoma kulikwenda pamoja na kubatizwa. Wazee wetu waliogopa kuwa mtoto akiingia kule atatoka na dini nyengine, na hofu yao haikuwa ya bure. Serikali ya mkoloni ilipofungua skuli ya Waarabu mjini Mombasa mwaka 1912, wengi bado waliitazama kwa jicho la shaka.

Basi wakati wenzetu wa maeneo mengine walikuwa wakitoa walimu, na walimu hao wakitoa walimu wengine, sisi tulikuwa bado mlangoni twajadiliana kama tuingie au tusiingie. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947, alilia sana na jambo hili. Katika gazeti lake la Al-Islah, alilolianzisha mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu waishike elimu ya dini na ya dunia kwa mikono miwili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikafunguliwa taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, maarufu kwa jina la MIOME, ambayo leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hapo vijana wetu walifunzwa kazi za ufundi, na faida yake haikadiriki. Lakini fundi mitambo hata awe hodari vipi, kwanza alifunzwa kusoma na mtu, na mtu huyo hatukumjengea jina.

Aidha, tusisahau kuwa miongoni mwa masheikh wetu wakubwa walikuwamo walimu wa skuli. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyeshika ukadhi mkuu wa nchi hii mwaka 1968 na ambaye tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili ilichapishwa kamili mwaka 1969, alisomea ualimu Unguja na akafunza katika skuli za huko tangu miaka ya 1930. Chaki haikumpunguzia elimu wala daraja. Yamkini ndiko alikojifunza kueleza jambo zito kwa Kiswahili chepesi, hata tafsiri yake ikafahamika na mwanachuoni na mama wa nyumbani.

JE, NI A, E, I, O, U?

Sasa turudi kwenye suali la ami. Miaka minne mtu asomee nini, kama kazi yenyewe ni kufunza a, e, i, o, u?

Anayesomea digrii hii hufunzwa namna akili ya mtoto inavyokua, tangu anapoanza kusema hadi anapoweza kufikiri jambo asiloliona. Hufunzwa kuwa mtoto hawezi kuisoma sauti asiyoisikia vyema, basi sikio hutangulia jicho. Hufunzwa kuwa tarakimu 5 ni alama tu, na mtoto yapasa azishike komwe tano au kokwa tano za tende mkononi kabla ya kuonyeshwa alama hiyo ubaoni. Hufunzwa kumtambua mtoto asiyeona vizuri, asiyesikia vizuri na yule anayegeuza herufi, ambao wote watatu tumezoea kuwaita wavivu. Husoma Kiswahili, Kiingereza, hisabati, sayansi, sanaa na dini, kwa kuwa mwalimu wa darasa la kwanza hafunzi somo moja akatoka: yeye ndiye skuli nzima kwa watoto wale. Kisha hupelekwa skulini kwa mazoezi, akaandika maazimio ya kazi na maandalio ya masomo, akafunza mbele ya mkaguzi na kusahihishwa. Anayedhani kazi hii ni nyepesi na aingie darasani asubuhi moja tu, akae na watoto hamsini wa miaka sita mpaka adhuhuri, kisha aje barazani atueleze.

Na kwetu pwani mna mambo ambayo hayamo katika vitabu vya London wala vya Nairobi. Mtoto wetu wa miaka sita, mchana yumo skulini aandika herufi za Kizungu kutoka kushoto kwenda kulia. Jioni yumo chuoni aandika herufi za Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Mtoto huyo huyo nyumbani asema Kimvita, au Kiamu, au Kigiriama, au Kidigo, au Kipokomo, skulini afunzwa Kiswahili sanifu na Kiingereza, na chuoni asoma Kiarabu. Ni watoto wangapi duniani wanaobebeshwa mzigo huo wakiwa hawajang'oka meno ya utotoni? Na wanaubeba, mashallah. Lakini kuna siku mtoto hulifungua daftari lake upande wa nyuma akaanzia kulia. Mwalimu asiyejua atokako mtoto atamwambia ni mjinga. Mwalimu ajuaye atafahamu kuwa huyu jana jioni alikuwa chuoni, na kuwa akili yake yafanya kazi mara mbili ya mwenziwe.

Mfano mwengine ni wa lugha. Mtoto wa Mji wa Kale humwendea mwalimu akamshitakia: "Mwalimu, Ali yuwaniteka!" Mwalimu mgeni hushituka, kwani kwa Kiswahili cha vitabuni kuteka mtu ni kumnyang'anya uhuru wake. Kumbe mtoto amesema kwa Kimvita kuwa Ali anamcheka. Mtoto huyo husema "mato" akikusudia macho, "nti" akikusudia nchi, na "ndoo" akimwita mwenziwe aje, ilhali mwalimu atafuta ndoo ya maji iko wapi. Tukiyasikia haya twacheka. Lakini mtoto ambaye kila akifungua kinywa aambiwa amekosea, mwisho hukifunga. Na mtoto aliyefunga kinywa darasa la kwanza ni vigumu kumfungua darasa la sita.

Nani atayachunguza haya? Nani ataandika vitabu vya kuonyesha namna ya kumvusha mtoto kutoka Kimvita hadi Kiswahili sanifu bila ya kumvunja moyo, na namna skuli na chuo vitakavyosaidiana badala ya kuvutana? Hatakuwa daktari wala mtu wa benki. Atakuwa ni mtu aliyekisoma kichwa cha mtoto hadi chuo kikuu, na ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtoto wa skuli mchana na wa chuo jioni. Digrii hii, basi, si ya kujua a, e, i, o, u. Ni ya kumjua yule anayefunzwa.

Mfano wa kuwa twaweza tunao hapa hapa. Katika miaka ya 1980, baada ya viongozi wa Waislamu wa pwani kuomba msaada wa Aga Khan, ilianzishwa Mombasa kazi ya kuwafunza akina mama wa mitaani kuendesha skuli za chekechea zilizochanganya mafunzo ya dini na ya kisasa. Bi Swafiya Said ndiye aliyekuwa mbele katika kazi hiyo. Mpango huo wa madrasa za chekechea ulivuka bahari ukafika Zanzibar, na ukaenda hadi Uganda. Wageni wa mbali walikuja kujifunza kwetu. Wale walikuwa akina mama wa kawaida, ila walifunzwa vyema na wakaaminiwa. Ikiwa mafunzo yao yalileta matunda hayo, je, tukipeleka vijana wetu wenye alama za juu wakasome miaka minne?

NGAZI YA KUKIMBILIA

Hapa pana jambo jengine linalonisikitisha zaidi. Walimu wa skuli za msingi waliojisomea wakapata digrii, tena kwa taabu, wakati wa likizo na kwa pesa zao, hawakosekani. Lakini wengi wao huchagua digrii ya masomo ya sekondari. Wanaiona digrii kama ngazi ya kulitoroka darasa la kwanza. Na serikali nayo imewaonyesha kuwa hawakukosea. Sekondari ya chini ilipoanza mwaka 2023 na kuwekwa katika viwanja vya skuli za msingi, Tume ya Kuajiri Walimu iliwachukua maelfu ya walimu wa msingi wenye digrii ikawapeleka huko juu. Siwalaumu walimu hao. Kila mtu apenda kupanda. Lakini tazama lililotokea: kila mwalimu wa watoto wadogo anapozidi kuelimika, watoto wadogo humkosa.

Kenya imeshaanza kulitambua kosa hili, ingawa kwa hatua za kobe. Kwa miaka mingi mwalimu wa msingi alisoma miaka miwili tu akapewa cheti cha P1. Tangu 2021 vyuo vya ualimu, kikiwamo kile cha Shanzu hapa Mombasa, vimeanza kutoa diploma ya miaka mitatu, na mwenye kuingia alitakiwa awe na wastani wa C. Mtaala mpya, ulioingia madarasa ya chini nchi nzima mwaka 2019, wamtaka mwalimu amtazame kila mtoto na kipawa chake, jambo ambalo haliwezekani kwa mwalimu aliyefunzwa kuimbisha darasa tu. Kwengineko wametangulia mbali: Ufini, mwalimu wa darasa la kwanza hutakiwa awe na shahada ya pili ya chuo kikuu, na sharti hilo lina umri wa zaidi ya miaka arubaini. Huko vijana hodari hugombania nafasi za kufunza watoto wadogo.

Sasa, sharti za kuingia ualimu zikizidi kupanda nasi tukabaki twawapeleka huko wale tu walioshindwa kwengine, matokeo yake si magumu kuyabashiri. Wetu hawatapata nafasi, na watoto wetu watafunzwa na watu kutoka mbali. Mwaka 2018 wizara ya elimu ilipotaka kuwapunguzia alama za kuingilia ualimu watu wa kaunti zilizobaki nyuma, Tume ilipinga, na mjadala ukawa mkali. Mimi siipendi njia hiyo ya kupunguziwa. Mwenye kupunguziwa sharti leo, kesho watoto wake watahitaji kupunguziwa tena. Dawa ni kupeleka huko walio bora.

Nisifahamike vibaya. Siandiki haya kuwatukana walimu wa kutoka bara. Wako waliokaa kwetu miaka thelathini, wakajifunza lugha yetu, wakatufunzia watoto wetu kwa ikhlasi, na Mungu ndiye wa kuwalipa. Lakini mgeni ana siku yake ya kwenda kwao. Ndugu zetu wa Kaskazini Mashariki waliyaona haya kwa macho. Januari 2020 walimu watatu waliuawa kwa dhulma huko Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na baadaye Tume ikawahamisha walimu wengi wasiokuwa wenyeji. Hakuna wa kuwalaumu kwa kuondoka, roho ni tamu. Ila waliobaki na majonzi mara mbili ni watoto, kwa sababu wenyeji waliosomea ualimu walikuwa wachache mno kuijaza nafasi. Nasi tusingoje mtihani kama huo ndipo tuhesabu tuna walimu wangapi wa kwetu.

Tena kuna somo la dini. Kipindi cha IRE kimo katika ratiba, lakini ziko skuli ambamo kipindi hicho hakina mwenyewe, au hupewa ustadhi wa mtaani anayejitolea, mwenye elimu ya dini ya kutosha lakini asiyetambuliwa na Tume. Twalalamika kila mwaka. Lakini je, tumepeleka vijana wangapi wakasomee kazi hiyo hadi daraja ambayo hakuna afisa atakayewakataa?

HAKI YA MWALIMU

Nitaambiwa: "Bwana wee, maneno matamu, lakini heshima hailiwi." Ni kweli. Mpango wa walimu wa mafunzo ya kazini ulipoanza mwaka 2020, yule wa skuli ya msingi alipewa shilingi 15,000 kwa mwezi. Mtu na digrii yake, alipe nyumba, ale, na amsaidie mamake! Tena katika miaka ya 2010 Tume iliacha desturi ya kumpandisha daraja mwalimu kwa sababu ya cheti cha juu alichokipata, na wengi waliouza mali zao wakasoma walijiona wamedanganywa. Malalamiko hayo ni ya haki. Ikiwa serikali yataka mtoto mdogo apate mwalimu bora, basi imlipe mwalimu wa digrii anayebaki darasa la kwanza sawa na mwenziwe wa digrii anayefunza kidato cha nne. Elimu ni moja, miaka ni ile ile, na kazi ya chini ndiyo nzito zaidi. Wabunge wetu wa pwani wana kazi hapo, kama watapata wasaa.

Lakini tusiitupie serikali kila kitu. Yako ya kwetu wenyewe. Wako vijana wa Kiislamu waliopata nafasi ya chuo kikuu wakaikosa kwa kuwa mzazi hana karo, na mkopo wa HELB una nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka, naye mzazi aogopa riba. Hukumu ya hilo nawaachia masheikh. Ninalolijua mimi ni kuwa wazee wetu, ambao hawakuwa matajiri kama sisi, waliweka wakfu mashamba ya minazi, visima na nyumba ili misikiti isikose mafuta ya taa na msafiri asikose maji. Lau wakfu mmoja tu katika kila mji ungetengwa kwa ajili ya kuwasomesha wanafunzi wa ualimu wa watoto, kwa sharti kwamba wakimaliza warudi wafunze nyumbani miaka kadha, au wapewe karadha njema isiyo nyongeza wairejeshe kidogo kidogo, basi katika muda wa miaka kumi tungejaza skuli zetu. Pesa tunazo. Tuzitazame harusi zetu, khasa ile siku ya kupamba ukumbi kwa maua yatakayotupwa asubuhi yake, kisha tujiulize ukumbi mmoja ni karo ya watoto wangapi.

Na chuo kikuu hakiko mbali tena. Zamani mzazi wa Kiislamu alisita kumpeleka binti yake Nairobi peke yake, na kusita kwake kulikuwa na sababu. Sasa Chuo Kikuu cha Pwani kipo Kilifi, kilichopata hati yake mwaka 2013, na kitivo cha elimu kimo ndani yake. Kazi yetu ni kudai kuwa masomo ya ualimu wa watoto wadogo yapewe uzito katika vyuo vya hapa kwetu, na utafiti ufanywe juu ya watoto wa hapa kwetu. Vyuo hufuata wanafunzi: tukiyajaza madarasa hayo, yatakua.

Nimalizie kwa yule binti. Kama makala haya yatamfikia, ningependa kumwambia lile nililolimeza siku ile. Mwanangu, usifikiri tena. Alama zako nzuri hazitaharibika kwa kupewa watoto wadogo, huko ndiko khasa zinakohitajika. Kasome, tena usome kwa bidii, na utakapokwisha, usiitumie digrii yako kuwakimbia wale uliowasomea. Na kwa ami yake, ambaye namheshimu na nitaendelea kunywa naye kahawa, nina suali moja tu. Ami, maalim wako wa chuoni, yule uliyetusimulia sifa zake Ijumaa iliyopita hata ukatokwa na machozi, alikuwa akikufunza nini?

Wabillahi tawfiq.